Posho ya kila wiki, malipo ya kazi, au "nipe hela": njia ipi humfunza mtoto?

Hela humfikia mtoto kwa njia tatu. Ama anaomba nawe unaamua papo hapo. Ama anafanya kazi nawe unamlipa. Ama anapewa kiasi kilekile siku ileile, aombe asiombe. Nyumba nyingi huchanganya zote tatu bila kupanga, na hapo ndipo kasoro huanzia. Mtoto asiyejua hela ya leo imetoka kwa kanuni gani hujitungia kanuni yake mwenyewe, na mara nyingi kanuni hiyo husema kwamba ukilia vya kutosha, mkoba utafunguka.

Niseme upande wangu mapema. Kwa mtoto aliyefikisha miaka 6 au 7, naona posho ya kudumu ndiyo msingi bora, na malipo ya kazi yaje juu yake kama nyongeza. Lakini zipo nyumba ambazo ushauri huo hauzifai, nami nitazitaja.

Kuomba na kupewa

Wengi huidharau njia hii, ila ina faida mbili za kweli. Kwanza, mzazi anajua kila kitu kinachonunuliwa. Pili, nyumba ambayo kipato chake hakina siku maalumu haijifungi kwa ahadi ambayo huenda isitimizwe. Na kwa mtoto wa miaka 3 hadi 5, hakuna sababu ya kuhangaika na utaratibu mwingine. Mwanasaikolojia wa Uswisi, Jean Piaget, alionyesha kwamba watoto wa umri huo huamini safu ya vitu iliyotandazwa ina vingi kuliko safu iliyobanwa, hata kama idadi ni moja. Mtoto anayeona hivyo atachukua sarafu 5 ndogo aache noti moja yenye thamani kubwa kuliko zote tano, na ataondoka akichekelea. Posho ya wiki kwake ni hesabu za watu wazima.

Tatizo huja baadaye. Mtoto wa miaka 9 anayeishi kwa kuomba hujifunza ustadi, tena ustadi mkubwa, ila si wa fedha. Hujifunza kusoma uso wa mzazi: leo amechoka, bora nisubiri, leo ana wageni, hatanikatalia mbele yao. Hujua ni nani kati ya wazazi aliye laini. Kulinganisha bei hakumhusu, kwa kuwa hela anazonyimwa hazikuwa zake, na anazopewa hazimpunguzii chochote. Akitaka vitu viwili, vyote vinashindana na subira yako; havishindani vyenyewe kwa vyenyewe. Na kuchukua kimoja ukaacha kingine ndiyo kazi yenyewe ya kutumia fedha.

Ipo gharama nyingine isiyoonekana. Anayetoa kidogo kidogo kwa kuombwa hajui ametoa kiasi gani. Kabla hujasema posho ni anasa, andika kwa mwezi mmoja kila ulichompa mtoto kwa kuombwa, pamoja na vile vidogo vya njiani vya kumnyamazisha. Jumla utakayoipata ndiyo bajeti ya mtoto huyo, upende usipende. Posho mara nyingi huwa ni hela zilezile. Kinachobadilika ni nani anayeamua zitumikeje.

Malipo ya kazi

Hoja ya njia hii ni nyepesi kuelewa: hela haziokotwi, hutokana na jasho. Mtoto anayelipwa huonja mapema uhusiano huo, na hela aliyoitolea jasho huitoa mkononi kwa uchungu zaidi kuliko ya kupewa. Hilo halina ubishi. Ubishi uko kwenye kazi gani zilipwe.

Mwaka 1973 watafiti Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett walichapisha jaribio walilolifanya kwa watoto wa shule ya awali waliokuwa wakipenda kuchora. Kundi moja liliahidiwa zawadi kwa kuchora. Lingine lilipewa zawadi hiyohiyo baada ya kuchora, bila kuambiwa kabla. La tatu halikupewa kitu. Wiki moja au mbili baadaye, kalamu zilipowekwa tena mezani, watoto wa kundi la ahadi walitumia muda wa karibu nusu tu ya wenzao katika kuchora. Kilichokuwa mchezo kilikwisha kugeuka kibarua.

Mfano wa pili unawahusu watu wazima, nao hauna kuchora ndani yake. Wachumi Uri Gneezy na Aldo Rustichini walifuatilia vituo 10 vya kulelea watoto katika mji wa Haifa, Israel, ambako wazazi walikuwa wakichelewa kuwachukua watoto wao. Vituo 6 vikaweka faini. Uchelewaji haukupungua, uliongezeka hadi kufikia karibu mara mbili. Kabla ya faini, mzazi aliyechelewa alimwonea haya mlezi aliyebaki akimsubiri. Baada ya faini, kuchelewa kukawa huduma yenye bei, na mwenye kulipa hana haya. Faini ilipoondolewa, hali haikurudi ilivyokuwa. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2000, na mzazi anayefikiria kulipia kazi za nyumbani angefanya vyema kutafakari ile sehemu ya mwisho: bei ikishaingia mahali palipokuwa pa wajibu, kuiondoa hakurudishi wajibu.

Yalete hayo jikoni. Ukimlipa mtoto kwa kuosha sahani aliyolia, siku atakapokuwa na akiba ya kutosha utamwita, naye atakujibu kwa adabu kabisa kwamba leo hahitaji hela. Kwa mantiki uliyomfundisha, yuko sahihi. Ndiyo maana naona kutandika kitanda chako, kuosha vyombo, kufagia na kumwangalia mdogo wako ziwe kazi za kila anayeishi pale, bila bei. Mtu mzima halipwi kwa kufua nguo zake.

Za kulipwa ni zile ambazo ungemtafuta mtu wa nje akufanyie: kuosha gari, kusafisha stoo, kupaka rangi uzio, kupanga makaratasi ya miaka mingi. Kazi ya namna hiyo ina mwanzo na mwisho, bei yake hukubaliwa kabla ya kuanza, na hukaguliwa kabla ya malipo. Ukaguzi ndio wazazi huuruka. Stoo ikisafishwa nusu na malipo yakatoka kamili, mtoto amejifunza kitu, lakini si kile ulichokusudia. Mrudishe amalizie, bila maneno makali, kisha mlipe yote.

Je, alama za shule zilipwe? Mchumi Roland Fryer alijaribu mipango ya namna hiyo katika miji kadhaa ya Marekani na kuchapisha matokeo mwaka 2011. Kulipa kwa matokeo ya mitihani hakukuinua ufaulu. Kilichoonyesha dalili njema ni kuwalipa watoto wadogo kwa kila kitabu walichosoma. Nadhani sababu inaeleweka: mtoto anaweza kuamua kusoma kitabu leo jioni, lakini hawezi kuamua kupata alama 90.

Posho ya kudumu

Hapa mtoto hupata kitu ambacho njia mbili za kwanza hazimpi kwa urahisi: kiasi kinachojulikana na siku inayojulikana. Bila hivyo viwili hakuna bajeti, iwe ya mtoto, ya nyumba au ya serikali. Mtoto anayejua Jumamosi atapata kiasi fulani anaweza kuhesabu kwamba kitu anachokitaka kiko mbali kwa Jumamosi 4, na kwamba akinunua kingine leo zitakuwa 5. Hesabu hiyo akiifanya kichwani mwake mara moja, hahitaji mhadhara juu ya kuweka akiba.

Wanaoipinga posho husema inamzoesha mtoto kupata bila kutoka jasho. Hoja ina uzito, lakini wanasahau kwamba mtoto huyo tayari anapata chakula, nguo na kitanda bila kutoka jasho. Posho haikuwekwa iwe ujira. Ni chombo cha kujifunzia, kama daftari, na daftari hatumlipishi.

Udhaifu wa kweli wa posho uko kwa mzazi. Posho inayolipwa leo, ikasahauliwa wiki ijayo, kisha ikalipwa mara mbili kwa kuona haya, ni mbaya kuliko kuomba. Wengi wamesikia jaribio la peremende la mwanasaikolojia Walter Mischel, lililoanzia Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1960: mtoto huwekewa peremende moja laini na kuambiwa kwamba asipoila mpaka mkubwa arudi, atapewa ya pili. Kwa muda mrefu lilitumiwa kama kipimo cha nani atafanikiwa maishani. Utafiti wa mwaka 2018 wa Tyler Watts na wenzake, uliohusisha watoto zaidi ya 900, ulipunguza sana dai hilo. Uhusiano ulikuwa hafifu, na ulipungua tena hali ya familia ilipozingatiwa.

Toleo linalonigusa zaidi ni la Celeste Kidd na wenzake, la mwaka 2013. Kabla ya peremende, watoto 28 walipewa kazi ya kuchora na kuahidiwa vifaa bora zaidi. Nusu yao waliletewa kweli. Nusu waliombwa radhi: samahani, vifaa havipo. Kisha ikaja peremende. Waliotimiziwa ahadi walisubiri kwa wastani wa dakika 12. Waliovunjiwa ahadi, dakika 3. Watoto hao wa pili hawakuwa walafi wala hawakukosa nidhamu. Walikuwa wamepiga hesabu: mahali ambapo ahadi hazitimizwi, kilicho mkononi ndicho chako, basi ukile.

Ahadi ni deni, na kwenye posho mdaiwa ni mzazi. Kwa hiyo kiasi kiwe kidogo kiasi kwamba hata mwezi mbaya hakitakushinda. Kidogo kinacholipwa kila Jumamosi kwa mwaka mzima kinafundisha kuliko kikubwa cha miezi 2.

Jambo la kuamua kabla ya siku ya kwanza ni posho inagharimia nini. Kwa mtoto wa miaka 7, vitu vya kujifurahisha tu. Wa miaka 11 anaweza kubeba zawadi za marafiki na vifaa vidogo vya shule. Wa miaka 15 anaweza kukabidhiwa hata bajeti yake ya nguo ya miezi 3, ikiwa tayari amewahi kuharibu bajeti ndogo na kuona matokeo yake. Mgawo huu usipoandikwa, kila ununuzi utarudi kuwa mjadala, na hapo mmerudi kwenye kuomba huku mkilipa posho juu yake. Muda nao hurefuka na umri: wiki kwa mdogo, wiki 2 kwa wa kati, mwezi kwa kijana, kwa sababu mishahara mingi hulipwa kwa mwezi na huko ndiko anakoelekea.

Zikiisha kabla ya siku

Zitaisha. Jumapili jioni mtoto aliyelipwa Jumamosi hana kitu, na Jumatano kuna kitu anakitaka kwa machozi. Mzazi ana njia tatu: kumpa, kumkopesha, au kumwacha.

Kumpa kunafuta somo lote. Kumwacha ndilo chaguo langu kwa wadogo, maana hasara ya mtoto wa miaka 8 ni ndogo na inakwisha Jumamosi, ilhali hasara ileile akiipata akiwa na miaka 28 huja na kodi ya nyumba ndani yake. Mzazi anachotakiwa kufanya wakati huo ni kigumu: kunyamaza. Usiseme "nilikwambia." Mfuko mtupu umeshasema.

Kumkopesha kunawafaa wenye miaka 10 na kuendelea, kwa masharti yanayofanana na mkopo wa kweli. Kiasi kiandikwe, tarehe za kurejesha ziandikwe, na marejesho yakatwe kwenye posho zinazofuata mpaka yaishe. Ataona jinsi posho ya wiki ya tatu inavyomfikia ikiwa imekatwa kwa ajili ya kitu ambacho hata hakichezei tena. Ukisamehe deni katikati kwa huruma, heri usingekopesha kabisa.

Hela zikae wapi

Kibubu kina ubora mmoja: uzito wake unasikika. Mtoto anakitikisa na kujua akiba inakua. Lakini kibubu cha kuvunja, kisichoonyesha ndani, kinamficha mtoto kile anachotakiwa kukiona. Methali inasema haba na haba hujaza kibaba. Mtoto wa miaka 6 lazima akione kibaba kikijaa. Chupa tatu za kioo au plastiki angavu, moja ya kutumia, moja ya akiba, moja ya kuwapa wengine, zinamwonyesha hilo na pia zinamlazimisha kuamua mgawo mwanzoni, kabla hela hazijaanza kuwasha mkononi. Mgawo wenyewe aupange yeye. Ukimpangia wewe, chupa ya akiba itakuwa kodi.

Akaunti ya benki ya mtoto ni salama zaidi na humzoesha mtoto taasisi, ila kwa aliye chini ya miaka 9 au 10 hela zilizopelekwa benki ni hela zilizopotea. Na riba ya akaunti ndogo hukua polepole mno kumsisimua mtu asiye na subira. Katikati ya kibubu na benki ipo daraja ninayoipenda: mzazi kuwa benki. Daftari moja, safu ya kuweka, safu ya kutoa, na nyongeza nono kila mwisho wa mwezi kwa kilichobaki. Ukiweka nyongeza ya asilimia 10 kwa mwezi, kiwango ambacho hakuna benki itakayokipa akiba yako, mtoto aliyeweka 100 bila kugusa atakuwa na 110 mwezi wa kwanza, 121 wa pili, na mwezi wa 8 atapita 214. Pale nyongeza ya 10 inapogeuka kuwa 11 ndipo macho humtoka. Weka kikomo cha salio, la sivyo kijana mwenye subira atakufilisi.

Familia zisizotaka riba, kwa imani au kwa msimamo, zinaweza kutumia mchango wa mzazi: kwa kila 2 anazoweka mtoto kwa lengo walilokubaliana, mzazi anaongeza 1. Mchango haufundishi jinsi hela inavyozaa hela, ila unafundisha lengo na subira, na kwa umri mdogo naona unatosha.

Hela za simu na kadi ziachwe mwisho. Zina rekodi nzuri ya matumizi, jambo ambalo chupa haina, na kijana atakutana nazo tu. Lakini hela isiyoshikika hutoka bila uchungu. Mwaka 2001 watafiti Drazen Prelec na Duncan Simester walionyesha kwamba watu wazima walioambiwa watalipa kwa kadi walikuwa tayari kutoa dau kubwa zaidi, pengine maradufu, kuliko walioambiwa watalipa taslimu kwa tiketi zilezile za mchezo. Ikiwa wakubwa huteleza hivyo, mtoto aanze kwa sarafu. Akihamia kwenye simu, Jumamosi moja kila mwezi kaeni mpitie orodha ya miamala pamoja, yake na sehemu ya yako.

Shule je?

Kwa ufupi: masomo ya fedha darasani yanasaidia, ila hayachukui nafasi ya mazoezi. Uchambuzi wa Daniel Fernandes na wenzake wa mwaka 2014 ulikuta kwamba mafunzo yanaeleza asilimia 0.1 tu ya tofauti za tabia za fedha kati ya watu, na kwamba athari yake hufifia kadiri muda unavyopita. Uchambuzi mpya zaidi wa majaribio 76, uliochapishwa mwaka 2022 na Tim Kaiser na wenzake, ulikuwa na matumaini makubwa kuliko huo. Mimi nausoma ule wa kwanza kama onyo: somo lisilotumika mapema husahaulika. Mwenye posho ana mahali pa kulitumia Jumamosi hiyohiyo.

Kuchagua kulingana na nyumba yako

Kipato chako kikiwa cha kubahatisha, anza na malipo ya kazi za ziada pale hela zinapokuwepo, na uwe mkweli zinapokosekana. "Mwezi huu hazipo" ni somo la fedha pia, na mtoto hulipokea vizuri kuliko ahadi hewa. Ukitaka posho hata hivyo, iweke ndogo sana na uitenge ya miezi 3 kabla ya kuitangaza.

Mkiwa wazazi wawili msiokubaliana, msianze posho mpaka mkubaliane jambo moja: hakuna anayejaza pengo kwa siri. Vivyo hivyo kwa bibi na babu. Kuwakataza kutoa zawadi ni kazi bure na pengine ni utovu wa adabu. Waombe tu wampe mkononi siku ya posho, ili zawadi nayo ipite kwenye chupa tatu.

Mwenye madeni yanayomsumbua na anaona aibu kufundisha asichokifanya, achague posho ndogo na daftari, kisha afungue lake pembeni ya la mtoto. Si lazima aonyeshe mshahara. Inatosha mtoto aone mzazi akiandika alichotumia, akikuna kichwa, na akiahirisha kitu alichokitaka.

Wenye watoto kadhaa wapange kiasi kwa umri, si kwa tabia, na wapandishe siku ya kuzaliwa ya kila mmoja. Mdogo aambiwe mapema kwamba zamu yake huanza akifikisha miaka 6, na kwamba kaka yake naye alisubiri. Posho isitumike kama fimbo: aliyemtukana dada yake aadhibiwe kwa jambo lingine, na Jumamosi alipwe kama kawaida. Siku ya kwanza ya kulipa, mpe hela zilizochenjiwa ndogo ndogo. Noti moja kubwa haigawanyiki kwenye chupa tatu.